Maisha ya Lyman Hall, Tabibu wa Midway

Huenda wasomaji wakauliza kwa nini katika kitabu cha Jubilei yetu tumeweka maisha ya mtu wa Marekani, aliyekufa mwaka wa 1790, ambaye hakuziona nchi zetu wala hakuzijua. Jibu letu ni fupi. Mtu huyu aliwekewa mikono awe mchungaji, akaanguka, akaondolewa katika kazi yake. Kisha akawa tabibu, akawa mwenye mashamba ya mpunga, na alipokuwa mtu mzima wa miaka hamsini parokia moja ilimtuma peke yake kwenye baraza kubwa la nchi, wakati koloni nzima ilipokuwa imekaa kimya. Walimu wanaofundisha habari za Marekani hutaja majina ya Washington na Jefferson, na ni haki. Jina la Hall hupitwa, ingawa limo katika Hati ya Uhuru ya mwaka wa 1776 pamoja na majina mengine 55. Tumeona vema tulitaje, na pamoja na jina tutaje mema yake na mabaya yake, maana hayo mabaya nayo yana habari nyingi.

Lyman Hall alizaliwa tarehe 12 Aprili 1724 katika mji wa Wallingford, koloni ya Connecticut, upande wa kaskazini. Watu wa huko walikuwa wazao wa Wapuritani, yaani Wakristo waliotoka Uingereza kwa sababu hawakuridhika na taratibu za Kanisa la nchi ile. Makanisa yao hayakuwa na askofu. Kila ushirika ulijitawala, ukamchagua mchungaji wake, na ukiona hafai ulikuwa na uwezo wa kumwondoa. Sisi tulio chini ya askofu tutaona desturi hiyo kuwa ngeni, lakini ni lazima kuifahamu, kwa kuwa maisha yote ya Hall yalipinduka kwa ajili yake.

Alisoma katika chuo cha Yale, kilichoanzishwa mwaka wa 1701 hasa kwa kuwaandaa wachungaji, akamaliza mwaka wa 1747. Baada ya hapo akajifunza elimu ya dini kwa baba yake mdogo, Samuel Hall, aliyekuwa mchungaji wa Cheshire. Mwaka wa 1749 akawekewa mikono katika parokia ya Stratfield, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Bridgeport. Alikuwa na miaka 25 tu.

Kazi yake ilianza vibaya. Tangu siku ya kwanza palikuwa na kundi la washirika wasiomtaka, nao walisema hivyo wazi. Mwaka wa 1751 akashtakiwa juu ya mwenendo wake. Laiti tungeweza kusema kwamba mashtaka yale yalikuwa ya uongo, na kwamba adui zake walimsingizia! Lakini sivyo. Yalithibitishwa, na yeye mwenyewe aliungama. Basi akaondolewa.

Kijana aliyeaibishwa hivyo mbele ya watu wote, katika nchi ndogo ambamo kila mtu anamjua mwenzake, mara nyingi hufanya moja katika mambo mawili: hukimbia, au hukana. Hall hakukimbia upesi, wala hakukana. Alitubu, na toba yake ikapokewa, akaruhusiwa kuhubiri katika makanisa yaliyokuwa hayana mchungaji. Kwa muda wa miaka miwili hivi alikwenda huku na huku akijaza mimbari za wengine, akifundisha watoto shuleni apate riziki yake, na huku akijifunza utabibu. Walimu wetu watazame jambo hili. Miaka hiyo ya ualimu haikumpa sifa yoyote, bali ndiyo iliyomshika mkono asizame.

Siku zile utabibu haukufundishwa kama leo. Katika makoloni yote hapakuwa na chuo cha utabibu mpaka mwaka wa 1765, kilipofunguliwa kimoja huko Philadelphia. Kijana alijiweka chini ya tabibu mzee, akamfuata katika nyumba za wagonjwa, akasaga dawa zake na kusoma vitabu vyake, hata akahesabiwa kuwa ameiva. Ndivyo alivyofanya Hall. Katika muda huo huo alioa, mwaka wa 1752, akamchukua Abigail Burr wa Fairfield. Lakini mwaka uliofuata mkewe akafa. Hivi katika miaka mitatu mtu huyu alipoteza kazi, jina jema na mke. Baadaye alimwoa Mary Osborne, naye ndiye aliyekuwa pamoja naye katika taabu zote tutakazozisimulia, na mtoto wao John.

Sasa hatuna budi kuacha Connecticut kidogo, tueleze habari za watu waliompokea. Mwaka wa 1695 kundi la Wapuritani lilitoka Dorchester katika koloni ya Massachusetts, likasafiri kusini hata South Carolina, likajenga kijiji na kukiita Dorchester vilevile, kwa ukumbusho wa kwao. Huko walikaa zaidi ya miaka hamsini, mpaka ardhi ikawa haiwatoshi na maradhi yakawachosha. Ndipo wakatazama upande wa Georgia, koloni iliyokuwa changa kuliko zote. Mwaka wa 1752 wakapewa huko ardhi zaidi ya eka 30,000, mahali penye vinamasi kusini ya mji wa Savannah, wakaanza kuhama jamaa kwa jamaa. Mahali pale pakaitwa Midway. Katika miaka hiyo ya 1750 Hall naye aliondoka kaskazini akaenda kukaa nao, kwanza Dorchester ya South Carolina, kisha Midway. Hawa walikuwa watu wa dini yake na wa asili ya kwao, nao walihitaji tabibu.

Walimhitaji kweli. Wasomaji wetu wanaolima mpunga mabondeni hawahitaji kuelezwa. Maji yalifungiwa mashambani ili mpunga ukue, na penye maji yaliyosimama ndipo mbu huzaa. Mwisho wa kiangazi cha kule homa ilishika nyumba baada ya nyumba. Matabibu wa siku zile walidhani kwamba homa hutoka katika hewa mbaya ya vinamasi. Habari ya mbu haikuthibitishwa mpaka mwaka wa 1897, Ronald Ross alipoichunguza huko Bara Hindi. Walikuwa na gome la mti wa kwinini, nalo lilisaidia, na mengine mengi waliyoyatumia, kama kumtoa mgonjwa damu, hayakusaidia lolote. Wenye mashamba waliona tu kwamba karibu na bahari hewa ni njema zaidi. Kwa hiyo mwaka wa 1758 bandari ya Sunbury ilipoanzishwa karibu nao, wengi walijenga nyumba za pili huko, wapate kukaa penye upepo wakati wa homa. Hall naye alikuwa na nyumba Sunbury, na shamba lake lililoitwa Hall's Knoll lilikuwa karibu na jumba la sala la Midway.

Tumesema wenye mashamba. Waliobaki mashambani wakati wa homa walikuwa ni akina nani? Walikuwa watumwa, watu wa Afrika na watoto wao, na hapa hatuwezi kupita upesi. Georgia ilipoanzishwa mwaka wa 1733, wasimamizi wake hawakutaka utumwa, na mwaka wa 1735 sheria ikaukataza. Walowezi wakanung'unika miaka mingi, hata katazo hilo likaondolewa, na tangu mwanzo wa mwaka wa 1751 utumwa ukaruhusiwa. Mwaka uliofuata ndipo watu wa Dorchester walipopewa ardhi yao. Mtu akizitazama tarehe hizo mbili ataelewa. Wale Wakristo, waliolinda Jumapili kwa ukali na kumfukuza mchungaji kwa kosa la mwenendo, walikuja Midway pamoja na watumwa wao kwa kuwa sheria sasa iliwaruhusu. Vinamasi vilikatwa mifereji kwa mikono ya Waafrika. Tena wengi wa watu hao walioletwa pwani ile walitoka Afrika ya Magharibi, nchi ambazo mpunga ulilimwa tangu kale, hata ujuzi wa kilimo hicho walikuja nao vichwani mwao, ukawatajirisha wengine. Hall alikuwa mmoja wa hao wengine. Aliungama kosa la ujana wake, nalo likamwondoa mimbarini. Kwa hili hakuna aliyemdai maungamo, maana jirani zake wote walikuwa ndani yake. Sisi wa pwani hii, ambao wazee wetu waliisikia minyororo, hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi.

Tuje kwenye siasa. Midway na Sunbury zilikuwa katika parokia ya St. John. Neno parokia hapa si la kanisa peke yake: Georgia yote ilikuwa imegawanywa katika parokia 12 kwa ajili ya serikali, kama sisi tunavyogawanya wilaya. Katika miaka ya 1760 na 1770 Serikali ya Uingereza iliyatoza makoloni kodi bila wao kuwa na wajumbe katika Bunge lake, nao wakakataa. Mwaka wa 1773 watu wa Boston walitupa chai baharini. Mwaka wa 1774 Bunge likafunga bandari ya Boston, na watu wa kazi wakaanza kuona njaa. Makoloni 12 yalituma wajumbe Philadelphia mwezi wa Septemba mwaka huo, kushauriana.

Koloni ya 13, Georgia, haikutuma mtu. Ilikuwa changa na dhaifu. Iliwaogopa Wahindi wekundu wa taifa la Creek mpakani, ikatumaini msaada wa Mfalme. Na Gavana wake, James Wright, alikuwa mtawala hodari ambaye wengi walimstahi. Watu wa parokia ya St. John hawakukubali kukaa kimya. Wale wenye njaa huko Massachusetts walikuwa jamaa zao. Babu zao walitoka huko. Hall alikuwa miongoni mwa waliosema kwa nguvu zaidi katika mikutano. Walipoona kwamba Savannah haiwafuati, waliiomba koloni ya South Carolina iwapokee kama sehemu yake. Wakakataliwa. Basi tarehe 21 Machi 1775 parokia ikamchagua tabibu wake aende Philadelphia peke yake, kwa jina la parokia tu.

Tunadhani katika historia ya mabaraza hakuna mengi yanayofanana na hili. Alipofika tarehe 13 Mei hakwenda mikono mitupu. Alichukua mapipa 160 ya mchele na fedha pauni 50, sadaka ya parokia kwa maskini wa Massachusetts. (Nani aliyeulima mchele ule tumekwisha kusema.) Baraza likamkubali aketi. Lakini palikuwa na swali: kura zilipigwa kwa koloni, kila koloni kura moja, na Hall hakuwa mjumbe wa koloni. Yeye mwenyewe alilitatua kwa adabu. Alisema kwamba atasikiliza na kushauri pamoja na wenzake, ila kura zitakapopigwa kwa koloni atajizuia. Ndivyo alivyofanya. Mtu mwingine angedai zaidi, maana alikuwa amesafiri mbali na amekuja na sadaka.

Mfano huo haukupotea. Mwezi wa Julai mwaka ule ule wajumbe wa parokia za Georgia walikutana Savannah, wakaamua kujiunga na makoloni mengine, wakachagua wajumbe watano, na Hall akiwa mmoja wao. Sasa alikuwa na kura. Katika kiangazi cha mwaka wa 1776 yeye, pamoja na Button Gwinnett na George Walton, walitia sahihi Hati ya Uhuru kwa niaba ya Georgia. Miongoni mwa wote waliotia sahihi walikuwamo matabibu, na wenzake wanaojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Benjamin Rush wa Pennsylvania, Josiah Bartlett na Matthew Thornton wa New Hampshire.

Jambo moja katika siku zile halina budi kuandikwa. Jefferson alipoitunga Hati hiyo mara ya kwanza, alitia ndani maneno makali ya kuilaumu biashara ya watumwa, ingawa yeye naye alikuwa na watumwa. Maneno hayo yakafutwa kabla Hati haijapitishwa, na Jefferson aliandika baadaye kwamba yalifutwa kuwaridhisha watu wa South Carolina na Georgia. Wajumbe wa Georgia waliokuwako ni hao watatu. Parokia iliyokuwa ya kwanza Georgia kuwahurumia wenye njaa wa mbali haikupeleka Philadelphia sauti yoyote kwa ajili ya wale waliolala katika vibanda vya mashamba yake.

Vita vilikuwa vimekwisha kuanza, na uhuru ule ulilipiwa. Kwanza palikuja ugomvi nyumbani. Gwinnett, rafiki wa Hall na jirani yake, aligombana na jemadari Lachlan McIntosh juu ya uongozi wa jeshi. Mwezi wa Mei 1777 wakapigana kwa bastola karibu na Savannah, kwa desturi ile mbaya ya mabwana wa siku zile, na Gwinnett akafa siku chache baadaye. Hall aliona aibu kwamba wenye mamlaka hawakumkamata muuaji, akalipeleka neno hilo mbele ya Baraza la Georgia. McIntosh akahukumiwa, akaachiliwa. Mwaka huo huo parokia ya St. John, pamoja na jirani zake, ilifanywa wilaya ikapewa jina la Liberty, yaani Uhuru, kwa heshima ya ujasiri wake wa mwaka wa 1775.

Kisha Waingereza wakaja. Mwezi wa Novemba 1778 walilichoma moto jumba la sala la Midway. Mwisho wa Desemba waliitwaa Savannah, na Januari 1779 ngome ya Sunbury ikaanguka. Nyumba ya Hall iliharibiwa, shamba lake likatekwa, na mali yake ikachukuliwa kwa kuwa alihesabiwa mhaini wa Mfalme. Yeye na mkewe na mwanawe walikimbilia kaskazini, wakakaa huko mpaka vita vilipokuwa karibu kwisha. Alikuwa sasa na umri wa miaka zaidi ya 50, akirudi na mikono mitupu karibu na nchi ile aliyoiacha kijana.

Waingereza walipotoka Savannah mwezi wa Julai 1782, Hall alirudi akaanza tena utabibu. Januari 1783 akachaguliwa kuwa Gavana wa Georgia, akatumika mwaka mmoja. Alikuta hazina haina kitu, askari hawajalipwa, mashamba ya waliomfuata Mfalme yanagombaniwa. Katika hali hiyo Gavana mwingine angesema kwamba shule zingoje. Hall, mwezi wa Julai mwaka huo, aliliandikia Baraza akishauri kwamba dini na elimu ziwekewe akiba, na kwa kuwa serikali haina fedha, itengwe ardhi kwa ajili ya shule. Twadhani hapa ndipo aliposema yule mwalimu wa zamani wa Connecticut zaidi ya Gavana. Februari 1784 Baraza likatenga eka 40,000 kwa chuo kikuu, na tarehe 27 Januari 1785 hati ya Chuo Kikuu cha Georgia ikapitishwa, ya kwanza kutolewa na Baraza la jimbo lolote la Marekani kwa chuo cha namna hiyo. Aliyeitunga hati ile ni Abraham Baldwin, naye mtu wa Connecticut, aliyesoma Yale na kuhudumu kama kasisi wa jeshi kabla ya kuhamia Georgia.

Eka zile 40,000 zilitoka wapi? Zilikuwa katika wilaya mbili mpya, Franklin na Washington, na wilaya hizo zilikatwa katika nchi waliyoitoa Wacherokee na Wacreek kwa mikataba ya Augusta, mwaka huo huo wa 1783, Hall akiwa Gavana. Wacreek waliotia sahihi walikuwa wachache, na wenzao wengi waliukana mkataba ule. Damu ilimwagika juu yake miaka mingi baadaye. Chuo ni chema, nasi tunafurahi kwamba kilijengwa. Lakini ardhi yake ilikuwa na wenyewe.

Baada ya ugavana Hall alirudi kwa wagonjwa wake huko Savannah, akawa pia hakimu. Mwaka wa 1785 aliliuza shamba lake la Midway. Mwaka wa 1790 akahamia wilaya ya Burke, akaanza shamba jingine huko Shell Bluff, juu ya mto Savannah. Lakini hakukaa nalo sana. Alikufa tarehe 19 Oktoba 1790, mwenye miaka 66, akazikwa shambani pake. Jumba la sala la Midway alilolipenda lilijengwa upya mwaka wa 1792, nalo bado limesimama.

Mwaka wa 1848 watu wa Augusta walisimamisha mnara wa ukumbusho wa wale watatu waliotia sahihi kwa Georgia. Mifupa ya Hall ikaletwa kutoka Shell Bluff, na ya Walton kutoka kaburi lake, ikazikwa chini ya mnara. Kaburi la Gwinnett halikupatikana. Jiwe la marmari lililokuwa juu ya kaburi la kwanza la Hall halikuwa na kazi tena pale shambani. Likapelekwa kaskazini, Wallingford, katika mji aliozaliwa, si mbali na parokia iliyomwondoa mimbarini.